Swichi ya PoE haiwashi kamera zangu za zamani, na injekta nayo inaziangusha kila Maghrib. Tatizo ni nini?

#1 daka_la_mkomani
Salaam nyote. Nasimamia nyumba ya wageni Mkomani, Lamu. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, na mwenyewe hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta tena wala kuona waya wa stima ukining'inia. Kuna kamera 4, za mtandao, si analogi. Kila moja ina tundu la RJ45 la kebo ya mtandao na tundu la duara la stima ya volti 12. Moja iko dakani, pale barazani mlangoni, moja kiwandani, yaani uani, mbili juu kabisa chini ya makuti. Kebo za Cat5e zilipitishwa zamani kutoka ofisini chini hadi kila kamera. Soketi za stima za juu ziliondolewa, zilikuwa zimeliwa na kutu.

Nimenunua swichi ya PoE, yaani inayopitisha stima ndani ya kebo ya mtandao, ya matundu 8, imeandikwa kiwango cha 802.3af. Nikachomeka kamera: kimya, hata taa haiwaki. Fundi mmoja akaniletea injekta, vimkia viwili viwili, cha chini kinaingiza volti 12 ya adapta kwenye kebo, cha juu kinaitoa. Hapo zote zikawaka. Lakini zile mbili za juu kila ikifika Maghrib zinazima, zinawaka, zinazima, mpaka alfajiri. Za chini hazina neno.

Swichi ndiyo mbovu, au kamera, au waya?

#2 kaskazi99
Kamera zinakwenda msikitini hizo. Ziache.

#3 Fundi wa Barani
Karibu jirani, mimi niko Malindi. Swichi yako nzima. Swichi ya 802.3af haimwagi stima ovyo. Kwanza inatuma volti kidogo, kati ya 2.7 na 10, kuangalia kama upande wa pili kuna rezista ya kilo-ohm 25. Ikiikuta ndipo inafungulia zile 48. Kamera yako haina rezista hiyo, basi kwa swichi hapo hakuna wa kulishwa.

Unachotaka ni spilita. Kijisanduku kinakaa juu kando ya kamera, kinaijibu swichi kwa niaba ya kamera, kinapokea 48 na kutoa mikia miwili: mmoja RJ45 ya data, mwingine plagi ya duara ya volti 12. Hivyo vimkia ulivyoletewa ni kitu kingine kabisa, havipunguzi volti wala haviulizi kitu. Vinachukua jozi ya buluu na jozi ya kahawia, ambazo kamera ya megabiti 100 haizitumii kwa data, na kuzipitishia stima.

#4 dar_mtandao
Mkuu, usirudie kuchomeka kamera isiyo ya PoE kwenye swichi ya PoE. Volti 48 kwenye kifaa cha volti 12, unaunguza. Nimeona kwa macho yangu, kamera ilitoa moshi.

#5 volti_arobaini
@dar_mtandao hapana, soma #3 tena. Swichi ya kiwango, yaani af ya 2003 au at ya 2009, inauliza kwanza. Kamera ya zamani ukiichomeka hapo haiungui, inakaa tu bila stima, na ndivyo ilivyomtokea mwenye uzi. Ukitaka kuilisha kwa adapta yake pembeni, data inapita kama kawaida.

Ile iliyotoa moshi nina hakika ilikuwa kwenye swichi isiyouliza. Zipo tele madukani, boksi limeandikwa PoE kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma unakuta "48V" peke yake bila namba ya kiwango. Hizo zinamwaga muda wote. Vifaa vya zamani vya Ubiquiti na MikroTik navyo vinatumia mtindo huo wa kutouliza, lakini kwa volti 24.

Na kinachoungua kwanza si kamera yenyewe. Ndani, nyuma ya tundu la RJ45, zile pini 4-5 (buluu) na 7-8 (kahawia) ambazo hazina kazi mara nyingi zimefungwa kwa rezista za ohm 75, moja kila jozi, zikakutana katikati. Kwa hiyo kati ya buluu na kahawia kuna ohm 150. Weka volti 48 hapo: karibu theluthi moja ya ampea, wati 15 kwenye virezista vidogo kuliko punje ya mchele. Ni jiko. Ndiyo maana kimkia cha juu kilichotengenezwa vizuri hupeleka kwa kamera nyaya 4 tu za data, zile nyingine kinazikata.

#6 dar_mtandao
Sawa, nimekupata. Boksi lenyewe silikumbuki lilikuwa limeandikwa nini. Lakini moshi niliuona.

#7 Mzee Boriti
Nyinyi mnasoma namba, mimi nasoma bahari. Kijana, nyumba ya mawe ya Amu inakunywa chumvi. Chokaa na matumbawe yanavuta unyevu wakati wa kusi, na waya umelala humo ndani. Fungua RJ45 ya juu, utaona pini zina ukungu wa kijani. Nimefanya kazi za simu za mezani kabla nyinyi hamjazaliwa. Mahali palipo na stima ya moja kwa moja na unyevu wa chumvi, pini ya chanya inaliwa kwanza, hasi inabaki inang'aa. Usiku hewa inapoa, unyevu unashuka, mguso unakuwa mbovu, kamera inazima. Hesabu haitakusaidia.

#8 Fundi wa Barani
Shikamoo mzee. Chumvi ipo, sikatai. Lakini mbona inazima Maghrib na si saa nane ya usiku, unyevu ukiwa umezidi? Na mbona ni za juu tu? Ya dakani iko karibu na mtaa, inapigwa na upepo ule ule.

Maghrib giza linaingia, kamera inawasha taa zake za infraredi, za kuonea gizani. Ukikaa karibu nayo utasikia "tik", ni kile kichujio cha ndani kinahama. Hapo ulaji wa stima unapanda, kwa kamera nyingi za zamani ni mara mbili au zaidi. Sasa tazama waya. Shaba ya Cat5e ya kawaida, unene wa geji 24, ina upinzani wa kama ohm 8.4 kwa kila mita 100 ya uzi mmoja. Vimkia vinatumia nyuzi mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo jumla ya kwenda na kurudi inabaki ile ile, ohm 8.4 kwa mita 100. Tuseme ofisini hadi makutini ni mita 60. Ni ohm 5. Mchana kamera inakula robo ampea, unapoteza volti 1 na ushee. Usiku ikila 0.6, unapoteza 3. Kamera ya volti 12 inapata 9.

Na haiishii hapo. Ndani ya kamera kuna kigeuza volti kinachotaka wati zake zile zile. Volti ikishuka, kinavuta ampea zaidi, waya unapoteza zaidi, volti inashuka zaidi. Inaanguka. Ikianguka taa zinazima, volti inarudi, kamera inawaka, inaona giza, inawasha taa. Hadi alfajiri.

Za chini zina waya mfupi. Basi.

#9 kaskazi99
Kumbe haziendi msikitini, zinafungua futari.

#10 Mpwani Halisi
Spilita za nini, pesa hizo mpe mama chai. Chukua chaja ya laptopu iliyokufa, ya volti 19. Ikae chini ofisini, iingize stima kwenye vile vile vimkia. Juu, kabla ya kamera, weka kale kasahani ka kupunguza volti kenye chipu ya LM2596, kazungushe hadi 12. Nimefanya hivyo nyumba nzima ya Mtaliano huku Casuarina, kamera zinawaka mwaka wa ngapi huu.

#11 Bi Shela
Mwenzangu @daka_la_mkomani pole, nyumba yangu ilikuwa na ugonjwa huo huo. Sasa natumia spilita na swichi ya af. Nilichofurahia si kamera kutozima tu. Stima ikikatika nina UPS moja ofisini, betri ya akiba, inayoshikilia swichi na kinasa picha, na kamera zote zinaendelea. Zamani kila kamera ilikuwa na adapta yake kona yake, ikikatika stima ndipo mwizi ana raha.

Tahadhari moja. Spilita iliyokaa wazi chini ya makuti haikumaliza msimu. Plastiki ilikuwa nzima, lakini nilipoifungua kule kwenye mkia wa duara palikuwa na vumbi jeupe na kijani, ukigusa linapukutika. Nyingine nimeziweka ndani ya boksi la plastiki lenye mpira, waya unaingilia kwa chini, na kabla ya kuingia nimeuacha ulegee ushuke kidogo ili maji yadondoke pale. Ndani ya RJ45 nimepaka jeli ya silikoni. Mzee Boriti hajakosea, jamani, msimdharau.

#12 Mzee Boriti
Ahsante Bi. Adabu bado ipo Shela.

#13 volti_arobaini
@Mpwani Halisi wazo lako kwa hesabu linakubali. Wati kama 8 kutoka volti 19 ni chini ya nusu ampea, kwa mita 60 hupotezi hata volti 3, na kasahani kanapata 16 na kitu. Lakini mambo mawili, na watu wasome kabla hawajaiga.

LM2596 ya kawaida mwisho wake volti 40. Asije mtu akaona "PoE" akakaunga kwenye 48. Itapasuka, na kamera inafuata.

La pili ni ile skrubu ndogo ya kurekebishia. Ni mguso wa wazi. Chumvi ikiingia na ule mguso ukaachia, chipu haioni tena volti inayotoka, inadhani ni sifuri, inafungua yote. Kamera ya volti 12 inapokea 16. Spilita yenye volti iliyopangwa kiwandani haina skrubu hiyo.

#14 Mpwani Halisi
Mimi huiweka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ikishakaa 12. Haiingii kitu. Wewe unaandika, mimi napanda ngazi.

#15 volti_arobaini
Rangi ya kucha nimeipenda, sina ubishi. Ila ya kupanda ngazi umenionea.

#16 dar_mtandao
Kwa nini asipandishe tu adapta ya chini? Weka ya volti 15. Ukipoteza 3 usiku unabaki na 12 safi. Hakuna cha spilita wala kasahani.

#17 Fundi wa Barani
Na mchana? Kamera inakula kidogo, waya haupotezi kitu, inapata karibu 14. Na ile sekunde ya kwanza unapochomeka, kabla haijaanza kuvuta, inapata 15 kamili. Nyingi zimeandikwa volti 12 zaidi au pungufu kwa asilimia 10, yaani mwisho 13.2. Zipo zinazovumilia, zipo zisizovumilia, na kamera ya zamani huna karatasi yake.

#18 dar_mtandao
Huku tuna watu wanaziendesha moja kwa moja kwenye betri ya sola, inafika 14.4 ikichajiwa. Miaka. Msitishe watu.

#19 Fundi wa Barani
Waulize wamebadilisha ngapi.

#20 kijana_wa_mambrui
Hivi hizo kamera za juu zinaangalia wapi? Lamu nyumba zimebanana, dari kwa dari. Isije ikawa inamwangalia mke wa jirani anaanika nguo.

#21 daka_la_mkomani
Moja inaangalia ngazi, nyingine tangi la maji. Dari ya jirani nimeiziba kwa kile kiraka cheusi cha kwenye menyu, na jirani nilimwita akaja kuona mwenyewe kwenye skrini.

#22 Bi Shela
Umefanya vizuri. Na weka kibao mlangoni cha kuwajulisha wageni kuwa kuna kamera. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu picha za watu pia, si majina na namba za simu tu.

#23 Mzee Boriti
Zamani wikio ndiyo ilikuwa kamera. Bibi amekaa dirishani juu ya njia, anajua nani kapita na kabeba nini.

#24 kaskazi99
Na haikuhitaji volti 12, alihitaji kahawa na tambuu.

#25 daka_la_mkomani
Nimerudi, nimeazima multimita. Nimepima kamera moja ya juu, nimekata kimkia nikaweka mita katikati.

Adapta ikiwa na mzigo, chini: volti 12.1, mchana na usiku, haitikisiki.
Juu mchana: volti 10.6, kamera inakula ampea 0.25.
Juu taa zikiwaka: volti 8.4, ampea 0.6, halafu inaanguka.

Nikaingia kwenye menyu nikazima taa za infraredi. Usiku kucha haikuzima hata mara moja, ila picha ni giza tupu.

Urefu sikukisia. Kwenye ganda la kebo kuna namba za mita. Ofisini nasoma 212, juu nasoma 268.

#26 Fundi wa Barani
Hapo umefanya kazi ya fundi. Mita 56. Basi ugomvi wa unyevu umekwisha, ni mzigo.

#27 volti_arobaini
Subiri kwanza. Ni mzigo, ndiyo, lakini namba haikai. Shaba geji 24, mita 56, ni ohm 4.7. Kwa 0.6 unatakiwa upoteze volti 2.8, ubaki na 9.3. Yeye amebaki na 8.4. Amepoteza 3.7, yaani kuna ohm 6 na kidogo. Hiyo ohm moja na nusu ya ziada inatoka wapi?

Mimi nasema kebo si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba, ile nyepesi inayouzwa bei ya kutupa. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Viwango vya kebo za mtandao havikubali hata kuiita Cat5e, lakini ganda linaandikwa tu.

#28 Mzee Boriti
Hiyo ohm na nusu ni ya pini za kijani. Nilisema.

#29 Mpwani Halisi
Ingekuwa alumini tupu ingefika ohm 7 na zaidi kwa mita 56, na ubaki na volti 7 na ushee. Hesabu yako mwenyewe inakukataa @volti_arobaini. Mimi nasema joto. Ile kebo inapita chini ya makuti na kwenye ukuta unaopigwa jua, shaba ikipata joto upinzani unapanda.

#30 volti_arobaini
Unapanda asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Hata ukuta ukiwa na nyuzi 40 unapata ohm 5.1. Na kamera inaanguka usiku, si saa saba mchana.

#31 Mpwani Halisi
Ukuta wa Lamu saa moja jioni bado unachoma mgongo ukiuegemea. Ndoo uone.

#32 kijana_wa_mambrui
Mimi naongeza langu. Ile plagi ya duara ina saizi mbili zinazofanana kwa nje, zote milimita 5.5. Ndani moja ni 2.1 na nyingine 2.5. Ukiingiza ya 2.5 kwenye kamera ya 2.1 inaingia vizuri lakini inacheza. Nilihangaika na kamera ya geti, kumbe ndiyo hiyo. Ukiitikisa inazima.

#33 daka_la_mkomani
Nimetikisa, haizimi. Lakini ni kweli inacheza kidogo.

#34 Fundi wa Barani
Tusibishane, apime waya wenyewe. @daka_la_mkomani fanya hivi. Chomoa kila kitu pande zote. Juu, shika jozi ya buluu, unganisha buluu na nyeupe-buluu. Shuka chini upime ohm kati ya hizo mbili. Rudia kwa kila rangi. Kabla hujaanza gusanisha ncha za mita zenyewe, namba utakayoiona uitoe. Shaba nzuri geji 24 kwa mita 56 kwenda na kurudi itakupa kama 9.4. Alumini iliyopakwa kama 14 na nusu. Ikitofautiana sana rangi kwa rangi, ni mguso.

#35 kaskazi99
Huyu bwana atapanda hizo ngazi mpaka wageni wadhani ni mazoezi.

#36 mlinzi_wa_data
Nimesoma uzi wote, na hakuna aliyeuliza swali la msingi. Kamera hizi zina umri gani, na nywila yake ni ipi? Mwaka 2016 ile programu ya Mirai iliteka malaki ya kamera na vinasa vya namna hii kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, ikazitumia kuangusha mitandao mikubwa Marekani. Kamera ya zamani hupati tena programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji. Mnahangaika kumpa mgonjwa damu, na mlango wa nyumba uko wazi. Nunua mpya zenye PoE ndani, chomeka kwenye hiyo swichi, kwisha.

#37 Bi Shela
Mpya mnazitaja kwa wepesi, kamera 4 na mwenye nyumba yuko ng'ambo. Zangu za zamani zimefungiwa: zinaongea na kinasa tu, kwenye ruta nimezizuia zisitoke nje kabisa. Nywila nilibadilisha. Zinaona ngazi vizuri na hilo ndilo nililozinunulia.

#38 mlinzi_wa_data
Ukizifungia hivyo sina neno. Wengi hawafanyi.

#39 daka_la_mkomani
Vipimo, nimeshatoa ya ncha za mita:

Buluu 11.8
Kahawia 12.6
Chungwa 11.6
Kijani 11.7

#40 volti_arobaini
Ukizichukua buluu na kahawia zikibeba pamoja, inatoka ohm 6.1 kwenda na kurudi. Mara 0.6 ni 3.66. Alipima 3.7. Kwa hiyo upotevu wote uko ndani ya waya, si kwenye plagi ya duara wala kimkia. Pole @kijana_wa_mambrui.

Ila sasa 11.7 si 9.4 wala si 14.5. Iko katikati. Rangi tatu zinakubaliana, kwa hiyo si kutu ya pini moja. Bado naegemea alumini iliyopakwa, lakini nene kidogo, geji 23. Hiyo inaangukia hapo hapo.

#41 Fundi wa Barani
Au shaba halali lakini nyembamba, geji 25. Viwanda vingine vinaiba unene, boksi linasema 24. Nayo inaangukia hapo hapo, 11.9. Nimeshawahi kupima kwa kalipa kebo "24" ikatoka nyembamba.

#42 Mzee Boriti
Na kahawia mbona 12.6? Kahawia ndiyo mnaiita hasi au chanya?

#43 Fundi wa Barani
Kwenye vimkia vingi buluu ni chanya, kahawia hasi.

#44 Mzee Boriti
Basi pima tena, umechanganya rangi. Iliyoliwa ni chanya.

#45 kaskazi99
Mzee hakubali kushindwa na ohm.

#46 volti_arobaini
Ncha ya waya ikwaruzwe kwa wembe. Ikitokea nyeupe ndani ni alumini, ikibaki nyekundu ni shaba. Sumaku haisaidii, alumini haishikwi. Kwangu hiyo ni muhimu kwa sababu alumini ikipata chumvi mahali ilipochubuka inageuka unga, na kesho hata spilita haitaisaidia.

#47 daka_la_mkomani
Nimekwaruza ya juu. Rangi yake... mimi naona nyekundu, kijana wangu wa kazi anaona nyeupe. Uzi ni mwembamba, na macho yangu ya karibu si kama zamani. Nitampa mtu mwingine aangalie.

Swali langu sasa ni moja tu. Ohm 6 hizo nikizibakiza kama zilivyo, spilita itafanya kazi?

#48 Fundi wa Barani
Bila wasiwasi. Kamera inataka wati 7 na kidogo, spilita nayo inakula yake, tuseme 8 na nusu. Kwa volti 48 hiyo ni ampea 0.18. Mara ohm 6 unapoteza volti 1 na kidogo kati ya 48. Na af inaruhusu kifaa kuchukua hadi wati 12.95, uko ndani. Nunua ya af yenye kutoa volti 12, iweke JUU karibu na kamera. Ukiiweka chini ofisini umerudi kule kule. Za kasi ya megabiti 100 zinatosha, usilipie za gigabiti.

#49 Mpwani Halisi
Na chaja ya laptopu nayo itafanya, kwa ohm 6 hizo hizo.

#50 daka_la_mkomani
Nitaweka spilita kwenye moja na chaja kwenye nyingine, mbishane vizuri. Spilita nimeagiza Mombasa, inakuja na basi.

#51 kijana_wa_mambrui
Nimeingilia, samahani. Nina kufuli la sumaku la geti, volti 12, nusu ampea. Spilita hiyo hiyo italibeba? Na kamera za kizamani za analogi zinaingia humu?

#52 Fundi wa Barani
Analogi hapana, hiyo kebo unaitumia kwa baluni, kile kiunganishi cha kupitishia picha ya analogi kwenye jozi ya waya: jozi moja picha, jozi nyingine stima, na usiichomeke kwenye swichi kamwe. Kufuli ndiyo, ni wati 6. Ila weka diodi, kile kidude kinachopitisha stima upande mmoja tu, kinyume kwenye koili ya kufuli, ukikata stima koili inarudisha volti kubwa na spilita inakufa.

#53 kijana_wa_mambrui
Diodi gani?

#54 Fundi wa Barani
1N4007. Upande wenye mstari uende kwenye chanya.

#55 Bi Shela
Na kumbuka kufuli la sumaku likikosa stima linaachia. UPS ikiisha chaji usiku, geti liko wazi.

#56 kijana_wa_mambrui
Komeo la chuma lipo kwa ndani, mlinzi hulifunga saa nne.